Mianya ya Milango katika Gari la Faiba
Mazungumzo kwa wajumbe wa vyama vya msingi, Maore



Mlango wa gari ukiacha mwanya wa kidole kwa juu na kusuguana na bodi kwa chini, wengi huhesabu kuwa ni kasoro ya sura. Si ya sura peke yake. Vumbi na mvua huingia, na gunia la mpunga lililopakiwa kavu hufika limelowa. La kutisha zaidi ni kitasa. Kitasa cha mlango wa gari hushika kwa hatua mbili, na mlango uliokaa upande aghalabu huishia hatua ya kwanza. Anayeufunga husikia mlio akadhani umeshika. Gari hilo likianza kupanda kutoka tambarare ya Maore kuelekea Bombo, kila kona huipinda bodi kidogo, na abiria aliyeuegemea mlango huo hana kinachomzuia.

Gari la bati lina ahueni, kwa kuwa bati likigongwa hubaki pale lilipopelekwa. Faiba haikubali nyundo. Ni nyuzi za kioo zilizotandazwa kama mkeka, zikaloweshwa rezini, nayo rezini ikaganda. Ikisukumwa hurudi, ikizidishiwa nguvu hupasuka. Tena rezini ya poliesta husinyaa inapoganda, na kipande kilichotolewa katika kalibu kabla ya wakati wake hujikunja. Viwanda vikubwa navyo vilikutana na taabu hiyo. Magari ya kwanza ya Chevrolet Corvette, 300 yaliyotengenezwa mwaka 1953 katika mji wa Flint, Marekani, yalikuwa na bodi za faiba zilizoungwa kwa mikono kutokana na vipande vingi, na kila kiungo kilikuwa nafasi ya kukosea.

Hapa nchini faiba inajulikana zaidi kwa mashua. Fundi aliyejenga mashua za faiba huko Tanga anaijua rezini kwelikweli, lakini mashua haina mlango. Chama kinachompelekea gari, au kibanda cha faiba kinachofungwa nyuma ya pikapu, hakina budi kumwambia mapema kwamba kazi haianzi na rezini. Huanza chini ya gari.

Bodi ya faiba mara nyingi hukaa juu ya fremu ya chuma kwa boliti kadhaa, na kati ya bodi na fremu huwekwa mipira au vipande vyembamba vya kuinulia. Mpira mmoja ukiliwa, au boliti moja ikikazwa kupita kiasi, bodi nzima huvutwa, na kasoro huonekana mbali na chanzo chake: pale mlangoni. Kwa hiyo gari lisimame juu ya magurudumu yake, mahali palipo sawa, magurudumu yakiwa na upepo unaolingana. Gari lililoinuliwa kwa jeki upande mmoja hutoa vipimo vya uongo. Kisha boliti zilegezwe moja moja, na kipande chembamba kiongezwe au kipunguzwe chini ya nguzo ya mlango huku mwanya ukitazamwa. Yapo magari ambayo tiba yake iliishia hapo, bila tone la rezini.

Hatua ya pili ni bawaba. Mpira wa kuzuia vumbi uondolewe kwanza, kwa maana mpira mpya mnene huusukuma mlango nje, na fundi akadhani mlango ndio mbovu. Kile kipande cha nguzoni kinachopokea kitasa nacho kifunguliwe, ili mlango uning'inie kwa bawaba peke yake na kusema kweli. Mtu aushike kwa ncha, auinue. Ukicheza, pini ya bawaba imelika, na hakuna marekebisho yatakayodumu mpaka ibadilishwe. Usipocheza, atazame faiba inayozunguka boliti za bawaba. Mistari myembamba kama nywele, iliyotawanyika kutoka kwenye tundu la boliti, ni dalili kwamba faiba imechoka; hapo iongezwe mikeka kwa ndani, na boliti zipewe washa pana au kipande cha chuma cha kusambaza nguvu.

Hapo tu ndipo rezini inapostahili. Palipobana, ukingo wa mlango hupigwa msasa. Lakini ikiwa faiba ni nyembamba, mikeka itangulie kuongezwa upande wa ndani, msasa ufuate baada ya kuganda. Palipo wazi mno, rangi huondolewa hadi faiba yenyewe ionekane, ukingo wa bodi unaoelekea mlango hufunikwa kwa utepe wa plastiki uliopakwa nta, kisha ukingo wa mlango huongezwa faiba. Mwanya wa milimita 5 hivi, ulio sawa kuzunguka mlango wote, unatosha. Kujaza puti tupu, kama wafanyavyo wenye haraka, ni kununua kazi mara mbili: hupasuka kwa mtikisiko wa safari chache.

Hali ya hewa ya Upareni ina sauti katika jambo hili. Kilo moja ya rezini huhitaji hadina ya gramu 10 mpaka 20. Kwenye joto la Maore mchana, hata kiasi kidogo huigandisha rezini ndani ya kopo kabla ya brashi kufika. Kazi ifanywe asubuhi, kwa vipimo vidogo vidogo. Huko juu milimani penye ukungu, faiba yenye unyevu haishikani na mkeka mpya. Hadina isichanganywe kamwe na kichocheo cha kobalti vikiwa peke yake, kwani mchanganyiko huo hulipuka. Vumbi la faiba nalo huwasha ngozi na kudhuru mapafu. Kitambaa puani hakitoshi, barakoa inunuliwe na iingizwe katika gharama za kazi.

Limebaki la daftari. Kabla ya gari kukabidhiwa, mjumbe mmoja na fundi wapime mwanya mahali sita kwa kila mlango, waandike, wote wawili watie sahihi. Bila hivyo, mabishano ya baadaye hayana hakimu. Malipo ya mwisho yasitolewe gari likiwa tupu uani: lipakiwe mzigo wake wa kawaida, lipande mlima na kurudi, vipimo vile vile sita virudiwe, na kila kitasa kisikike kikishika mara mbili.