Lango la Mpanda Farasi: Ng'ombe Abaki Ndani, Njia Ibaki Wazi



Mada ya leo ni lango. Si lile geti la chuma la kuingizia lori, bali lango dogo la mbao katika mashamba ya Uingereza, lililotengenezwa kwa ajili ya mtu aliyepanda farasi. Linaweza kuonekana jambo la mbali, lakini mkazi aliyewahi kuamka akakuta njia yake imezibwa kwa seng'enge atalielewa upesi.

Zamani sehemu kubwa ya mashamba ya England haikuwa na ua. Kisha ardhi ikagawanywa na kuzungushiwa ua kwa sheria za Bunge. Kati ya mwaka 1604 na 1914 zilipitishwa sheria zaidi ya 5,200 za namna hiyo, zikagusa ekari milioni 6.8, yaani zaidi kidogo ya moja ya tano ya England. Maskini wengi walipoteza malisho ya pamoja, na hilo halifai kufichwa. Hata hivyo, waliogawa ardhi waliandika pia njia za umma: hii ya mikokoteni, hii ya wapanda farasi, hii ya miguu. Ua ulipokutana na njia ya farasi, paliwekwa lango.

Aliyekaa juu ya tandiko hawezi kufikia komeo la kawaida. Akiinama sana, ataanguka. Akishuka, na kama ni mzee, huenda asipate pa kukanyagia ili apande tena. Kwa hiyo komeo huungwa na mpini mrefu unaochomoza juu ya lango. Mpanda farasi humsimamisha mnyama sambamba na lango, mkono mmoja ukishika hatamu na mwingine ukivuta mpini. Hulisukuma, hupita, humgeuza farasi na kulifunga. Malango mengine hutundikwa kwa namna ambayo hujifunga yenyewe kwa uzito wake. Hapo fundi awe makini, kwa maana lango likirudi upesi mno humpiga farasi ubavuni, na farasi akishtuka hangoji maelezo.

Upana nao umewekwa kisheria. Sheria ya barabara ya Uingereza ya mwaka 1980 inataka angalau futi 5 kati ya nguzo na nguzo kwenye njia ya farasi, na futi 10 kwenye njia ya magari. Mwenye shamba ndiye anayetunza lango, lakini mamlaka husika humchangia angalau robo ya gharama zinazostahili. Tangu mwaka 1968 waendesha baiskeli nao hupita humo, mradi wawapishe wenye farasi na wanaotembea.

Mpita njia naye ana wajibu wake: kuliacha lango kama alivyolikuta. Wageni hukosea hapa kwa nia njema. Hukuta lango wazi, wakalifunga, kumbe mkulima aliliacha wazi ili mifugo ifike majini.

Hapa Kenya, Sura ya 399 ya sheria inampa mwenye shamba lililozingirwa nafasi ya kuomba njia kupitia ardhi ya jirani. Na kabla ya yeyote kuchimba mashimo ya nguzo, atazame kwanza ramani ya upimaji. Ikiwa barabara ya umma imechorwa hapo, si yake kuifunga, hata kama imeota nyasi.

Penye njia ambayo majirani wamekubaliana, na mwenye ng'ombe anahofia mifugo kutoroka, fundi wa kuchomelea sokoni anaweza kutengeneza komeo lenye mpini mrefu kwa kipande cha nondo. Farasi ni wachache katika vijiji vingi, lakini mama aliyejitwika ndoo ya maji atalifungua bila kuinama, na mwenye bodaboda hatalazimika kumshusha abiria.