Ujasiri Peke Yake Hauzimi Moto

Juma lililopita nilikuwa Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe. Nikiwa nimeketi kwa muuza chai, alinijia kijana aliyemaliza kidato cha nne. Aliniamkia kwa adabu, kisha akasema: "Mzee, nataka kuwa askari wa zimamoto. Baba anasema kazi ile haina shule, inataka nguvu tu. Ni kweli?"

Kabla sijamjibu akanieleza kisa chake. Kaka yake alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu. Siku moja mwenzake alizimia ndani ya duara. Kaka mtu akajifunga kamba kiunoni, akashuka kumwokoa. Jioni ile walitolewa wawili, wote maiti.

Ndugu wasikilizaji, marehemu yule alikuwa na nguvu na moyo wa kishujaa. Kilichomponza ni kutojua. Pampu ya petroli ikiwashwa ndani ya shimo, moshi wake huacha hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mwokoaji aliyefunzwa hupima hewa kwanza, huvaa mtungi wa hewa mgongoni, na huacha mwenzake juu akishika kamba. Ni vivyo hivyo kwa moto. Petroli ikiwaka ukaimwagia maji, huelea juu ya maji hayo na moto ukasambaa. Dawa yake ni povu. Mwezi Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha baada ya kulizingira lori la mafuta lililopinduka.

Basi shule ya kazi hii iko wapi? Zamani huduma ya zimamoto ilikuwa mikononi mwa halmashauri. Sheria ya mwaka 2007 ndiyo iliyoleta Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Chuo chake kipo Chogo, wilayani Handeni, mkoa wa Tanga, na huko ndiko askari wapya hupata mafunzo ya awali. Nafasi zinapotangazwa, mlango huwa wazi kwa wa kidato cha nne na cha sita, na pia kwa wenye stashahada na shahada. Jeshi lina haja ya madereva, mafundi umeme, wauguzi na wahandisi. Mwenye shahada ya uhandisi ndiye anayeweza kuisoma ramani ya ghorofa na kusema njia ya kutokea ni nyembamba, kabla nyumba haijajengwa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1824 mji wa Edinburgh, Uingereza, ulimpa James Braidwood uongozi wa kikosi chake cha zimamoto. Watu aliowachagua walikuwa waashi, maseremala, waezekaji na mafundi bomba, kwa kuwa waliijua nyumba ilivyojengwa. Kisha akawafanyisha mazoezi kila mara.

Kwa hiyo nilimjibu kijana: rudia fizikia na kemia. Nafasi zisipotangazwa mwaka huu, usikae kijiweni. Jifunze ufundi wa umeme au udereva, kwani fundi hatupwi. Baadaye, ukipata njia, endelea hadi stashahada na shahada.

Nanyi wenye maduara, msingoje kijana huyu ahitimu. Pampu ya petroli isishushwe shimoni, na mtu asishuke kwa pupa kumfuata aliyezimia. Namba ya kuita zimamoto ni 114.

Kijana alinishukuru, akaondoka mbio. Daftari lake la fizikia, alisema, alikuwa amempa mama yake afungie karanga. Naomba alikute bado lina kurasa.