Mtoto na Mwili Wake: Maneno kwa Wazazi wa Kinole

Leo twataka kunena jambo ambalo halinenwi sana nyumbani, nalo ni hili: mtoto auonaje mwili wake mwenyewe, na mzazi ayajuaje mawazo hayo?

Labda mtu wa Kinole atajibu, "Mwili wa mtoto si ndio huu niuonao kila siku? Namlisha, namvika, namtuma sokoni na ndizi kichwani. Kuna nini tena cha kujua?" Swali hilo ni la haki. Walakini mtoto mmoja ana miili miwili: ule tuuonao sisi, na ule auonao yeye moyoni mwake. Sisi twaweza kumwona mzima, naye akajiona mbaya. Na hata huo ulio mbele ya macho yetu hatuuoni sawasawa. Katika nchi nyingi wazazi wa watoto walionenepa kupita kiasi wameulizwa habari za unene wao, na yapata nusu hawakuutambua. Basi ikiwa mwili wa nje watupotea hivi, ule wa moyoni je?

Wazee wa milima ya Uluguru hawakulipuuza jambo hili. Zamani msichana alipovunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, muda wa miezi, na wengine hata miaka. Alilishwa vizuri, hakulima, hakuchomwa na jua. Hata siku ya kutolewa alionekana amenenepa na ngozi yake imetakata, watu wakamsifu. Tena kulikuwa na mwana hiti, sanamu ndogo ijulikanayo kwa Waluguru, Wakwere na Wazaramo. Haina mikono wala miguu, na kichwani ina nywele mfano wa vishungi viwili. Mwali aliiosha, akaipaka mafuta, akaitunza kama mwana, akajifunza umama kabla hajawa mama.

Katika desturi ile tukipambanua twaona mambo mawili. La kwanza, msichana hakuachwa peke yake na mwili unaobadilika. Walikuwapo bibi zake na wanawake wazima wa kumweleza. La pili, mwili wake ulipimwa mbele za watu kwa kipimo kimoja, yaani unene na weupe wa ngozi, na si kila mwili huumbwa kwa kipimo hicho.

Sasa tazameni yaliyotupata. Shule haimngoji mwali, na miaka ile ya ndani imepita. Lakini mara nyingi tumeacha lile jema, yaani mafundisho ya bibi, tukashika lile zito, yaani kipimo. Wako wasichana ambao hawakai tena ndani kutafuta weupe, bali huununua dukani katika vikopo vya dawa ya kujichubua. Na baadhi ya dawa hizo zina zebaki, sumu iharibuyo figo. Nani aliyemwambia binti kwamba rangi yake ina kasoro? Mara nyingi neno la kwanza alilisikia nyumbani, kwa mzaha.

Na tuvuke mpaka, twende Uganda, tukajifunze kwa akina mama. Katika mwaka 1954 na 1955 bibi mmoja mwenye elimu ya nafsi, jina lake Mary Ainsworth, alizuru nyumba za Waganda katika vijiji vya karibu na Kampala, akawaangalia watoto wachanga 28 wa mama 26. Habari zao alizipiga chapa katika kitabu mwaka 1967. Watoto 16 walikuwa na mapenzi imara kwa mama zao: walitambaa kwenda kuitazama dunia, kisha wakamrudia mama kama ndege arudivyo kiotani. Watoto 7 walilia mara kwa mara hata wakiwa na mama, na 5 walikuwa hawajaonyesha bado mapenzi ya namna hiyo. Tena aliona kwamba mama wa watoto wenye mapenzi imara ndio waliokuwa hodari wa kumweleza habari ndogo ndogo za watoto wao: apendacho, kimtishacho, dalili za kilio chake. Maana yake kupenda ni kujua, na kujua huja kwa kuangalia.

Wale walikuwa wachanga, lakini twaona somo hili lafaa hata kwa mtoto mkubwa. Msichana huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13, na mvulana kati ya miaka 9 na 14. Basi katika darasa moja watakaa pamoja aliyekwisha kuwa mtu mzima kwa umbo na aliye mdogo bado, nao wote wawili ni wazima. Asiyeambiwa hivyo hudhani ana ugonjwa, au amelaaniwa. Huanza kukataa kuoga mtoni pamoja na wenzake. Hujifunika sweta jua kali. Siku ya michezo husema tumbo lauma. Mwisho haendi shule kabisa. Mzazi hupiga kelele, "Mvivu huyu!" naye hajauliza.

Kwa hiyo twawashauri mambo matatu. Kwanza, lindeni ndimi zenu. Majina kama Kibonge, Kijiti, au "mweusi kama mkaa" huchekesha siku moja, lakini mtoto hujitazama katika maneno hayo kama katika kioo miaka mingi. Pili, mwelezeni mabadiliko kabla hayajafika, kwani yakifika humkuta peke yake. Tatu, asiwepo wa kumtupia mwenzake kazi hii. Kwetu Uluguru mtoto ni wa lukolo la mama yake, na mjomba ana sauti; lakini baba ndiye alalaye nyumba moja na mtoto, asiseme, "Hayo ni ya wajomba." Wala mjomba asiseme, "Hayo ni ya wanawake." Mwacheni bibi naye anene, maana ana elimu iliyokwisha kusahauliwa.

Waswahili husema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ni kweli, lakini mtoto akiuficha uchungu wake, mzazi ataujuaje asipouliza kwa upole, na akiisha kuuliza, asicheke jibu?