Fundi, Dijei na Mtunzi: Majina ya Kazi na Haki katika Muziki wa Kompyuta Dar es Salaam



Kijana anayeishi kwa kutengeneza midundo ya kompyuta Dar es Salaam huitwa kwa majina kadhaa, na kila jina lina bei yake. Akiitwa fundi, hulipwa ujira. Akiitwa dijei, hulipwa kwa usiku mmoja wa shughuli. Akiitwa prodyuza, hulipwa kwa wimbo, mara moja, kisha basi. Jina linalobeba haki ya kudumu ni mtunzi, nalo ni nadra apewe. Mhadhara huu unahusu pengo hilo baina ya jina na kazi.

Zamani pengo hilo halikuwapo. Bendi za dansi zilipokwenda kurekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, zilikwenda na nyimbo zilizokwisha kutungwa na kufanyiwa mazoezi. Fundi mitambo alinasa sauti, na neno fundi lilimtosha. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1990. Redio za binafsi zilianza, Radio One ikiwa hewani mwaka 1994, na studio ndogo zikazuka: ya Master Jay, ya P-Funk Majani aliyeanzisha Bongo Records, na ile aliyofanyia kazi Miikka Mwamba kutoka Ufini. Humo mtu mmoja, akiwa na kinanda na kompyuta, aliweza kubuni ngoma, besi na kiitikio cha ala kabla mwimbaji hajafika. Hiyo ni kazi ya utunzi. Hata hivyo, kwa wengi aliendelea kuonekana fundi.

Njia ya dijei ilikuwa nyingine. Joseph Kusaga alianza na disko la Clouds, na kutokana na disko hilo ikazaliwa redio ya jina hilohilo. Mtaji wake wa awali ulikuwa usiku wa watu na sifa ya kujua wanachotaka.

Bei ya muziki, lakini, ilipangwa Kariakoo. Wasambazaji wa kanda waliafikiana na mwimbaji, na mtengeneza mdundo hakuwamo katika mazungumzo hayo kwa kuwa alikwishalipwa studioni. Zikaja sidii, kisha vibanda ambamo kijana mwenye kompyuta humwingizia mteja nyimbo katika simu au flashi kwa fedha kidogo. Kwa dijei chipukizi biashara hiyo ni hasara na tangazo kwa wakati mmoja: hapati kitu, ila mdundo wake unafika kwenye daladala kabla ya redio. Ndiyo maana wengi walijihami kwa sauti, jina la studio au la prodyuza likitamkwa mwanzoni mwa wimbo. Mila hiyo si ngeni katika Kiswahili. Watunzi wa tenzi walikuwa na desturi ya kujitaja katika beti za mwisho ili nakala zikisambaa jina lisipotee.

Ushahidi ulio wazi zaidi umo katika singeli, muziki uliokulia kwenye vigodoro vya Manzese, Tandale na Mburahati. Mwendo wake hupita mapigo 200 kwa dakika, mara nyingine ukikaribia 300. Umerithi mengi kutoka mchiriku, uliopigwa kwa vinanda vidogo vya Casio, na hukata vipande vya taarabu na kuvizungusha. Nyumbani wimbo wa singeli hujulikana kwa mwimbaji wake, kama Msaga Sumu au Man Fongo. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati. Zilifuata albamu za Bamba Pana, Jay Mitta na Duke, na mwaka 2022 ile ya DJ Travella iitwayo Mr Mixondo. Juu ya majalada hayo jina kubwa ni la mtengeneza mdundo. Inasikitisha kwamba ilibidi mdundo uvuke mpaka ndipo mwenyewe atajwe.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, mwonyeshaji na mtayarishaji wa rekodi za sauti. Utata umo katika neno la mwisho. Mtayarishaji wa kisheria ni yule anayebeba jukumu la kurekodi, aghalabu mwenye studio au mwenye fedha. Prodyuza wa mtaani ni yule anayekesha akiunda mdundo. Kiingereza kimewapa neno moja, na Kiswahili kikaufuata mkanganyiko huo kwa kuwaita wote watayarishaji. Anayekubali jina hilo kwenye mkataba bila kutaja utunzi anaweza kukuta haki yake imehesabiwa kuwa ya mwenye nyumba. Istilahi mtunzi wa mdundo ingemfaa zaidi, japo nayo itamdai jibu kuhusu vile vipande vya taarabu alivyovikata bila kuuliza.

Kitenzi nacho kina mtego. Kwa Kiswahili cha Kariakoo, kuuza ni kukabidhi: kitenge kikishafungwa, muuzaji hana tena neno nacho. Vijana husema kuuza biti kwa maana hiyohiyo, ilhali mmoja amekusudia nakala itumike katika wimbo mmoja tu, na mnunuzi amekusudia mdundo wote, pamoja na redio, simu na matangazo ya biashara yatakayokuja. Karatasi moja ingetosha, ikiandikwa kabla ya kurekodi: nani ametunga, nani amegharimia, na kilichouzwa ni nakala au ni haki.