Kinga Huanzia Darasani



Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walibainika mkoani Kagera mwaka 1983. Tangu wakati huo zimepatikana dawa za kufubaza virusi, nazo hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Dawa ya kuponya bado haijapatikana. Yeyote atakayewauzia tiba hiyo, dukani au mnadani, anawadanganya.

Twawaomba walimu wafundishe kwa maneno yaliyo wazi. Mwanafunzi aliyefanyiwa ukatili wa kingono ajue kuwa dawa za kinga hutolewa kabla ya saa 72 kupita. Akinyamaza kwa aibu, muda huo hupotea. Ajue pia kwamba tangu mwaka 2019 sheria inamruhusu aliyetimiza miaka 15 kupima bila idhini ya mzazi. Anayenunua kondomu au kipimo na atazame tarehe ya mwisho wa matumizi, na kifungashio kisiwe kimechanika.

Wazazi, msiwaachie walimu peke yao. Mtoto asiyeelezwa nyumbani wala shuleni ataelezwa mtaani, na huko haambiwi ukweli wote.