UKIENDA DAR ES SALAAM, SOMA KWANZA

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wanakisomo, wilayani Bariadi)



Nimeambiwa nisiongee sana, ng'ombe wanasubiri kunyweshwa. Nitajitahidi.

Pamba imeuzwa. Fedha kidogo imeingia nyumbani. Wakati kama huu ndipo watu wa huku hupanga safari. Mmoja anampeleka mgonjwa, mwingine anamfuata mtoto aliyeondoka, mwingine anataka tu kuiona Kariakoo kwa macho yake. Wiki iliyopita mzee mmoja wa kituo hiki alinijia. Akaniuliza, "Mwalimu, hivi mtu wa Bariadi anaingiaje Dar es Salaam bila kuibiwa?" Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu mimi mwenyewe niliibiwa usiku wa kwanza, tena nikiwa na cheti cha ualimu ndani ya begi.

Kwanza tuelewane jambo moja. Makao makuu ya nchi yetu ni Dodoma. TANU iliamua hivyo mwaka 1973, na sheria yake ikapitishwa mwaka 2018. Lakini mtu wa huku akisema "naenda mjini, mji wenyewe", mnajua anasema Dar es Salaam. Ndiko iliko Kariakoo, ndiko iliko Muhimbili, ndiko iliko bandari. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa wetu wote wa Simiyu ulikuwa na watu 2,140,497. Dar es Salaam ilikuwa na watu 5,383,728. Yaani chukua watu wote wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, uwazidishe mara mbili na nusu. Ndio hao utakaokutana nao, na hakuna hata mmoja anayejua jina la baba yako.

Sasa nieleze safari yangu.

Ilikuwa mwaka 2013. Nilikuwa ndio kwanza nimetoka chuo cha ualimu. Mama yangu alikuwa mgonjwa. Bugando, kule Mwanza, walimpima, wakakuta ni saratani ya shingo ya kizazi. Wakampa barua ya rufaa aende Hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, akatibiwe kwa mionzi. Mama alirudi nyumbani na barua ile, akaikunja, akaiweka sandukuni chini ya kitenge. Ikakaa humo miezi minne.

Nilipoigundua nilimuuliza, "Mayu, kwa nini?" Alinijibu, "Baba, huko nitapotea. Afadhali nife ninapojulikana."

Ndugu zangu, mama hakuwa mwoga wa ugonjwa. Alikuwa mwoga wa mji. Na ugonjwa ule haumsubiri mtu amalize woga wake.

Basi tukauza ng'ombe wawili, tukaondoka. Enzi hizo barabara ya lami ya kutoka Mwigumbi hadi Maswa na Bariadi ilikuwa haijajengwa. Tulikula vumbi mpaka tukafanana na gunia. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Shinyanga, Nzega, Igunga, kisha mlima wa Sekenke, Singida, Manyoni, Dodoma, Morogoro. Kilomita zaidi ya 1,000. Mama alikaa dirishani, na daftari lake la kisomo mapajani. Kila basi liliposimama alisoma kibao, silabi kwa silabi, kisha akaandika jina la mahali pale. Si-ngi-da. Ma-nyo-ni. Mimi niliona aibu kidogo. Abiria walikuwa wanamtazama. Nikamwambia, "Mayu, pumzika, mimi najua njia." Uongo mtupu. Sikuwa nimewahi kupita Shinyanga.

Niwaambie kwa nini mama alijifunza kusoma. Ni mizani ya pamba. Siku moja alipeleka mizigo ghalani, karani akamtajia kilo, mama akahisi zimepungua, lakini hakuweza kusoma mshale wala karatasi. Alirudi akilia kwa hasira. Mwaka 2003 akajiunga na darasa la MUKEJA, chini ya mwembe, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 40. Tangu hapo hakupokea neno la mdomo mahali palipo na karatasi.

Tulifika Ubungo saa tano usiku. Taa, honi, watu wanapiga kelele, kila mmoja anavuta begi lako. Kijana mmoja nadhifu, mwenye shati jeupe, akanisogelea. "Shikamoo mama. Kaka, mnampeleka mgonjwa? Ocean Road? Mimi nahusika na wagonjwa wa mikoani. Kuna gari linawasubiri. Toa 20,000 ya gari, na 30,000 ya kufungua faili, ili asubuhi mama aonwe wa kwanza."

Mimi, mwalimu mwenye cheti, nilifanya nini? Nilitazama sura yake na shati lake. Nikaogopa kuonekana mshamba. Nikatoa 20,000 nikampa! Nikawa naingiza mkono mfukoni kutafuta ile 30,000.

Mama akasema, "Subiri kwanza." Akafungua daftari lake, akatoa kalamu kwenye kilemba. Akampa yule kijana. "Mwanangu, andika hapa jina lako, na ofisi yako, na fedha uliyopokea."

Kijana akacheka. Mama akaendelea kunyoosha daftari. Kijana akasema ngoja amwite dereva. Akaondoka na 20,000 yangu. Mpaka leo anamwita dereva.

Tulilala palepale kituoni, tumeketi, mizigo katikati ya miguu. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Baba, wewe unasoma upesi mno."

Asubuhi tukatafuta daladala. Daladala za Dar es Salaam zina mstari wa rangi ubavuni, na mbele zimeandikwa zinakotoka na zinakokwenda. Mpiga debe mmoja alitushika mkono: "Posta, Posta, panda mama, Posta hii!" Nikainua mguu. Mama akanivuta shati. Alikuwa amesimama mbele ya gari, anasoma. "Te-me-ke," akasema. "Hii si Posta." Kumbe gari lile lilitaka kujaza watu tu. Tungeshushwa mbali, na mgonjwa hana nguvu ya kutembea. Tulingoja nyingine iliyoandikwa POSTA, tukapanda.

Kutoka Posta tulikwenda polepole hadi Ocean Road. Hospitali ile ilijengwa na Wajerumani, ilifunguliwa mwaka 1897, na iko mbele ya bahari. Mama alisimama akatazama maji. Yeye alilijua ziwa pale Lamadi. Akauliza kama maji haya yana mwisho. Kisha akaniomba nimchotee kidogo. Akaonja, akatema. "Maji yote haya, na ng'ombe hawezi kunywa!" Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka tangu tutoke nyumbani.

Ndani ya hospitali nilitarajia shida kubwa. Tulionyesha barua ya rufaa, tukaelekezwa, tukapanga foleni. Kila mlango ulikuwa na maandishi juu yake. Mama aliyasoma yote, hata yasiyotuhusu. Wale waliokaa karibu nasi wakaanza kumwuliza yeye, "Mama, hapo pameandikwaje?" Mwanamke mgonjwa kutoka Bariadi akawa mwalimu wa foleni.

Alitibiwa wiki kadhaa. Alirudi nyumbani, akalima pamba misimu mitano. Alifariki mwaka 2019. Siwaambii kwamba alipona kabisa. Nawaambia alipata misimu mitano, na aliwaona wajukuu watatu wakizaliwa. Ile miezi minne ya sandukuni ndiyo inaniuma.

Sasa, mambo yamebadilika, msije mkaenda na habari za mwaka 2013. Mabasi ya mikoani hayaishii Ubungo tena. Tangu mwaka 2021 yanashusha Mbezi Luis, kwenye Kituo cha Magufuli. Usiku mabasi yanaruhusiwa kusafiri tangu mwaka 2023, kwa hiyo unaweza kufika saa yoyote. Mimi nasema chagua lile linalofika mchana. Mgeni na giza hawapatani. Ukitaka, shuka Dodoma, upande treni mpya ya umeme iliyoanza mwaka 2024. Chukua kitambulisho chako. Na mjini kuna mabasi ya mwendokasi, ambayo vituo vyake vimeandikwa majina. Kwa msomaji hiyo ni raha.

Fedha usiibebe yote mkononi, iweke kwenye simu. Namba ya siri usimtajie mtu, hata akisema anatoka kampuni ya simu, hata akikuita baba mkwe. Malipo ya serikali siku hizi yana kontroli namba. Mtu akikudai fedha kituoni bila namba hiyo na bila stakabadhi, mfanyie kama mama. Mpe kalamu.

Tena andika kwenye karatasi jina la mtaa unaokwenda na namba ya simu ya mwenyeji wako. Simu huzimika, na huibiwa. Karatasi ya daftari haina mwizi.

Jambo la mwisho, halafu mwende kwa ng'ombe wenu. Nimesikia katika kituo hiki kuna mwenzetu mwenye barua ya rufaa, nayo imekaa nyumbani tangu kabla ya mvua. Simtaji, wala sitaki kumjua leo. Pengine hatahitaji hata kufika Dar es Salaam, kwani siku hizi Bugando nao wanatibu kwa mionzi. Aisome barua yake tena, aone imeandikwa aende wapi. Maneno ya daktari yakimshinda, tutasaidiana kuyasoma.

Daftari la mama hili hapa mezani. Majina ya vituo yamo yote, kuanzia Maswa. Ubungo nimeufuta, nikaandika Mbezi. Anayelitaka alichukue, simwulizi la nini. Alirudishe tu akirudi.