Tangazo ni Deni

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, kuhusu kutafuta wateja wa kazi ya kukata majani na kutunza bustani



Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imewaliwaza wafanyabiashara wengi, na wengine imewalaza usingizi. Chama cha vijana kinachokata majani mjini hununua mashine kwa fedha za hisa, kikanunua mafyekeo, reki na toroli, kisha wanachama wake huketi kivulini wakingoja uzuri wa kazi yao ujiuze wenyewe. Wiki hupita. Mkopo hauna subira, na riba haijui methali. Mwisho wa mwezi katibu hufungua daftari akakuta wateja ni wale wale wa mwanzo, na wengi wao ni jamaa za wanachama.

Fedha iliyonunua mashine ile si ya mtu mmoja. Ni akiba ya mama aliyeuza ndizi sokoni, na ya kijana aliyebeba mizigo stendi tangu alfajiri. Mashine ikilala ghalani, ni jasho lao linaloota kutu. Kwa sababu hiyo suala la kuitangaza kazi si pambo wala majivuno. Ni sehemu ya kuitunza amana ya wanachama.

Methali ya wahenga haina kosa. Kosa ni la anayeisikia nusu. Kizuri hujiuza kikiwa mahali pa kuonekana. Embe bivu hujiuza juu ya meza sokoni, halijiuzi likiwa ndani ya gunia lililoshonwa. Bustani nayo mara nyingi imo ndani ya ua. Huko Shanty Town mjini Moshi, au Oysterbay na Masaki mjini Dar es Salaam, ukoka uliokatwa vizuri umejificha nyuma ya kuta na michongoma, na mpita njia haoni ila lango. Ni wajibu wa chama kuutoa uzuri huo nje ya ua.

Kinachonunuliwa na Mteja

Kabla ya kuandika tangazo lolote, yafaa chama kijiulize mteja ananunua nini hasa. Vyama vingi hudhani ananunua majani yaliyokatwa, na kwa hiyo husifu mashine yao. Mwaka 1830 Mwingereza Edwin Budding, mkazi wa eneo la Stroud, alipata hataza ya mashine ya kwanza ya kukatia majani ya bustani, akiwa amechukua wazo kutoka katika mashine za viwandani za kunyoa vitambaa vya sufu. Fundi huyo alijua vema habari za visu na magurudumu. Hata hivyo, katika maandishi ya hataza yake hakuishia kwenye vyuma. Alieleza pia kwamba bwana mwenye shamba angepata katika kuisukuma mashine hiyo zoezi la kupendeza na lenye kujenga afya. Alifahamu mapema kwamba mtu hanunui chuma, hununua faida atakayoipata.

Mwenye nyumba wa leo hatafuti zoezi. Anatafuta kiwanja safi ambamo mtoto anacheza bila hofu ya nyoka, na mandhari isiyomtia aibu mgeni anapoingia. Lakini kuna jambo jingine linalomkaa moyoni zaidi ya hayo yote: mtu atakayemfungulia lango ni nani? Mkata majani huingia ndani ya ua, huona madirisha, hujua saa ambazo mwenye nyumba hayupo. Swali hilo halijibiwi na mashine mpya wala na bei ndogo.

Hapa ndipo ushirika una nguvu ambayo kibarua anayetembea peke yake na fyekeo begani hana. Chama kina daftari la wanachama, kina ofisi, kina namba ya kuandikishwa na uongozi unaoweza kuulizwa. Mfanyakazi wake akikosea, kuna pa kwenda kushitaki. Nguvu hiyo ionekane: vijana wavae sare hata kama ni fulana ya rangi moja, wabebe vitambulisho vyenye picha na mhuri wa chama, na siku ya kwanza kiongozi wa chama aende nao mwenyewe kuwajulisha kwa mwenye nyumba na kwa mlinzi wa lango. Mlinzi asidharauliwe. Tangazo lisilopita kwa mlinzi mara nyingi halifiki sebuleni.

Kuanzia Pale Mashine Ilipo

Kosa la pili la vyama ni kutawanya mbegu. Karatasi mia mbili hugawanywa mji mzima, mtaa huu tano, mtaa ule tano, na mteja mmoja hupatikana kila upande wa dunia. Chama hufurahi kwa kuwa jina limeenea, kumbe kimejipatia safari.

Ichukuliwe mfano wa vijana wawili wenye mashine moja, wanaofanya kazi saa 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Kila kiwanja kinahitaji dakika 90. Wateja wakiwa jirani, mwendo wa kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine ni dakika 10, na vijana hao watamaliza viwanja 4 kwa siku, ukabaki muda wa kusafisha mashine na kunoa kisu. Wateja wakitawanyika, na kila mwendo ukawa dakika 50 za kusukuma toroli juani, watamaliza viwanja 3 tu. Kila mteja akihudumiwa mara moja kwa wiki mbili, chama cha kwanza kitabeba wateja 40, na cha pili 30. Wateja 10 wamepotea njiani, wala hakuna aliyewafukuza.

Kwa hiyo tangazo la kwanza lianze kwa jirani wa mteja aliyepo. Siku ya kazi, kibao chenye jina la chama na namba ya simu kisimamishwe karibu na lango, kwa ruhusa ya mwenye nyumba, kisha kiondolewe kazi ikiisha. Kazi ikikamilika, kijana mmoja mwenye adabu na sare safi abishe hodi katika nyumba 5 za upande huu na 5 za upande wa pili, aache karatasi na kusema kwamba chama kipo mtaani kila Jumanne. Mwenye nyumba anayeridhika aombwe kwa upole awataje vijana kwa majirani zake. Neno lake moja lina uzito kuliko karatasi mia, kwa sababu yeye amekwisha kuwafungulia lango.

Maneno ya Tangazo

Karatasi ya tangazo haihitaji maneno makubwa. Msomaji huitazama kwa muda wa kufungua mlango wa gari. Yatosha iseme ni kazi gani, ni wapi, ni siku gani, ni bei gani ya kuanzia, na ni nani anayewajibika. Chama kinaweza kuandika hivi:

"Tunakata majani, tunapunguza michongoma na kufagia kiwanja. Tupo mtaa huu kila Jumanne. Tunakuja kupima na kukueleza bei kabla ya kuanza, bila malipo. Vijana wetu wana vitambulisho. Usiporidhika, tutarudi kurekebisha siku ya pili yake." Chini yake liwekwe jina la chama, namba ya kuandikishwa, ofisi ilipo na namba ya simu.

Namba hiyo iwe ya simu inayopokelewa. Mteja aliyepiga mara mbili bila kujibiwa hapigi mara ya tatu. Mwanachama mmoja akabidhiwe simu ya chama kwa zamu inayojulikana, pamoja na daftari la kuandika kila aliyepiga. Siku hizi picha mbili za kiwanja kimoja, kabla na baada ya kazi, zaweza kutumwa kwa simu bila gharama kubwa. Lakini ziwe picha za kazi ya chama chenyewe, na mwenye kiwanja awe ameridhia. Na kabla ya kubandika matangazo kwenye nguzo na kuta za barabarani, katibu aulize ofisi ya mji au halmashauri kuhusu kibali na ada, chama kisije kikalipa faini kubwa kuliko faida.

Shule, zahanati, makanisa, misikiti na nyumba za wageni haziajiri kwa karatasi ya langoni. Hizo huandikiwa barua. Hapo kalamu ya katibu ndiyo fyekeo. Barua iwe na anwani ya chama, ieleze eneo lililopimwa, idadi ya safari kwa mwezi, bei na namna ya kulipwa, itiwe sahihi na Mwenyekiti na Katibu, na ipigwe mhuri. Mteja mmoja wa namna hiyo, mwenye mkataba wa mwaka, husaidia kulipa mkopo katika miezi ambayo mvua imegoma.

Majira

Majani hayafuati kalenda ya mkopo, hufuata mvua. Pwani na kaskazini-mashariki ya Tanzania, pamoja na sehemu kubwa ya Kenya, masika huwa kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Mikoa ya kati na ya kusini ya Tanzania ina msimu mmoja mrefu, unaoanza takriban Novemba au Desemba. Mwenye nyumba hukumbuka mkata majani pale majani yanapofika magotini, na wakati huo kila mwenye fyekeo yuko mtaani. Chama chenye busara hutangaza wiki tatu au nne kabla ya mvua, kikafunga mapatano ya msimu mzima. Wakati wa kiangazi kitangaze kazi nyingine: kumwagilia, kupunguza ua, kupanda miti, kuweka samadi na kupanda ukoka mpya mvua zinapokaribia.

Ahadi na Uwezo

Ahadi ni deni, na tangazo ni ahadi iliyopigwa chapa. Chama chenye uwezo wa wateja 40 kikipokea 60, ishirini watangojea, na hao watakitangaza chama bure, ila si kwa heri. Afadhali mteja aambiwe kwa ukweli kwamba nafasi itapatikana wiki mbili zijazo, jina lake liandikwe, na siku hiyo ikifika vijana wawe langoni.

Kazi yenyewe ifanane na maneno. Kanuni inayofuatwa na watunza bustani ni kwamba jani lisikatwe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja: ukoka unaotakiwa kubaki sentimeta 4 ukatwe unapofika sentimeta 6. Kisu butu hakikati, huchana. Baada ya siku moja au mbili ncha za majani hugeuka rangi ya udongo, na kiwanja kizima huwa tangazo baya. Mawe na vipande vya waya viokotwe kabla ya mashine kuwashwa, kwani jiwe moja lililorushwa dirishani hula malipo ya mwezi, na likimpata mtoto halina malipo.

Wapo wanachama watakaoshauri kuwavuta wateja kwa kuteremsha bei hadi chini ya gharama. Wakumbuke waanzilishi wa Rochdale, wale watu 28 waliofungua duka lao huko Uingereza mwezi Desemba 1844. Duka lile lilikuwa na bidhaa chache mno: unga, siagi, sukari, mishumaa. Halikusifika kwa urahisi wa bei, bali kwa unga usiochanganywa na mizani isiyopunja. Wateja walirudi kwa sababu hawakudanganywa. Bei ya hasara huleta mteja wa leo na kuuza mashine kesho.

Kazi ya Katibu

Mwisho kabisa, katibu aongeze safu moja katika daftari lake. Kila mteja mpya aulizwe: chama umekisikia wapi? Jibu liandikwe: jirani, kibao, karatasi, barua, simu. Baada ya miezi mitatu safu hiyo isomwe mbele ya mkutano pamoja na gharama ya kila njia. Pengine itaonekana kwamba karatasi zilizokula fedha nyingi zimeleta mteja mmoja, na kibao cha mbao kilichochongwa na mwanachama kimeleta tisa. Ndipo wanachama wataamua wenyewe, kwa hesabu na si kwa kelele, fedha yao ya matangazo iende wapi.

Ndugu Wanachama, majani yataota hata kama hakuna chama. Atakayeyakata ni yule anayejulikana na kuaminiwa. Shime basi, mashine zitoke ghalani, jina la chama lifike langoni kabla ya mvua, na kila lililoandikwa juu ya karatasi lionekane pia juu ya ukoka.